Dhahabu Imepewa Soko, Mchicha Je?

Katika mwaka 2019 Serikali ilitimiza jambo ambalo wachimbaji wadogo wa mikoa yetu walikuwa wamelililia kwa miaka mingi. Masoko ya madini yalifunguliwa, Geita ikitangulia na Kahama nayo ikapata lake. Mchimbaji ambaye jana yake aliuza gramu zake gizani, kwa mizani ya mlanguzi na kwa bei ya mlanguzi, alipata mahali penye paa, penye mizani iliyokaguliwa, penye ulinzi na penye ofisa wa Serikali. Hapana mtu mwenye nia njema aliyelipinga jambo hilo. Dhahabu ni mali ya taifa, na mali ya taifa haifai kuuzwa vichochoroni.

Leo tungependa kuzungumza juu ya mali nyingine, ambayo haina mizani, haina paa wala ofisa. Yeyote anayeamka mapema katika Kata ya Nyasubi, humu mwetu katika Manispaa ya Kahama, anaijua. Ni mali inayopita mlangoni kichwani mwa akina mama, ndani ya beseni, ikiwa bado inadondosha maji: mchicha, chainizi, majani ya maboga, matembele, na mgagani unapokuwa msimu wake. Ikifika saa nne jua limekwisha kuwa kali, na kile ambacho hakikununuliwa kimeanza kulala. Ikifika alasiri bei imeshuka hadi nusu. Ikifika jioni mama hana la kufanya ila kuyapeleka mafungu yaliyobaki nyumbani, au kuwatupia mbuzi wa jirani. Dhahabu isiyouzwa leo itauzwa kesho, na pengine kwa bei nzuri zaidi. Mchicha usiouzwa leo hauna kesho.

Wako watakaosema kwamba gazeti linalojiheshimu lina mambo makubwa zaidi ya kuandika kuliko fungu la mchicha. Hatukubaliani nao, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na hesabu, maana mara nyingi jambo huonekana dogo kwa sababu halijahesabiwa. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu wapatao 242,000 katika eneo ambalo leo ni Manispaa ya Kahama. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 450,000. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale gramu zisizopungua 400 za matunda na mboga kwa siku. Hatutaki kuwa wachoyo wala wenye tamaa, kwa hiyo tuchukue robo tu ya kiasi hicho, gramu 100, kuwa ndiyo mboga za majani. Kwa watu 450,000 hizo ni tani 45 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Bustani inayotunzwa vizuri, yenye samadi na maji, hutoa kiasi cha kilo mbili za mchicha katika mita moja ya mraba, na mchicha huwa tayari baada ya kiasi cha mwezi mmoja tangu kupandwa. Mwenye kalamu na akokotoe: zinahitajika hekta zisizopungua 67 zilizo chini ya mboga wakati wote, na ukiongeza njia, vitalu na sehemu inayopumzika, unakaribia hekta 100.

Hekta 100 hizo ziko wapi? Hilo ndilo swali ambalo tungependa Waheshimiwa Madiwani walijibu.

Kwa maana mboga za majani si mpunga. Mpunga wa Kahama unaweza kukaa ghalani Kagongwa mwezi mzima, kisha ukapakiwa kwenye lori na kuliwa nchi ya jirani. Kitunguu husafiri. Kabichi husafiri, tena mbali sana. Lakini mchicha, mnavu na matembele havisafiri mbali. Vikisafiri saa nyingi chini ya turubai hufika vimeungua. Ndiyo maana wataalamu waliochunguza masoko ya Dar es Salaam katika miaka ya 1990 walikuta kwamba sehemu kubwa mno ya mboga za majani zilizoliwa na jiji hilo ilitoka ndani ya jiji lenyewe: mabondeni, kando ya barabara, nyuma ya nyumba na kwenye viwanja ambavyo wenyewe walikuwa hawajavijenga. Mji wowote ule duniani ambao haukuwa na majokofu na magari ya barafu ulilazimika kulima mboga zake mlangoni pake. Paris ya karne ya 19 ililima saladi na spinachi pembezoni mwa mji, juu ya samadi ya farasi waliokuwa wakivuta magari ya mji huohuo, na wakulima wake walikuwa watu wa kuheshimika, wenye chama chao. Havana, mji mkuu wa Kuba, ilirudia somo hilo baada ya mwaka 1991, Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika na meli za mafuta na mbolea zilipoacha kufika. Viwanja vitupu vya mji viligeuzwa kuwa matuta ya mboga kwa amri ya Serikali, na mboga zikauzwa palepale penye matuta. Hatusemi Kahama ni Havana. Tunasema tumbo la mtu wa mjini linafuata kanuni ileile kila mahali.

Wasomaji wetu wenye mvi watakumbuka kwamba nchi hii haikuwa nyuma katika jambo hili. Mwaka 1972 Chama kilitangaza kule Iringa kwamba siasa ni kilimo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka huohuo ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe. Ukame wa 1973 na 1974 ulipotupiga, tukaambiwa kilimo ni cha kufa na kupona. Kisha mwaka 1975 redio zikakusanya watu chini ya miti, vijijini na mijini, kusikiliza masomo ya Chakula ni Uhai, na watu waliokuwa hawajui kusoma vizuri walijifunza kwamba sahani isiyo na kijani haijakamilika. Kampeni zile zilikuwa na kasoro zake, nyingine kubwa. Lakini zilikuwa na sifa moja ambayo tunaikosa leo: hazikuona haya kuzungumza juu ya mchicha kwa sauti ya taifa.

Na haja haijakwisha. Utafiti wa taifa wa afya wa miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Tumesogea, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mikoa yenye chakula kingi cha kushibisha imo miongoni mwa ile yenye watoto wengi waliodumaa, jambo linaloonyesha kwamba ugali peke yake, hata ukiwa mkubwa kama kichuguu, haumkuzi mtoto. Mchicha una madini ya chuma, una kinachohitajika mwilini kutengeneza vitamini A, una folati ambayo mama mjamzito anaihitaji kuliko mtu yeyote. Ni dawa inayouzwa kwa fungu.

Hapa tungependa kufanya mchepuko kidogo, kwa sababu tunajua jinsi wasomaji wetu wengine wanavyocheka. Usukumani ni nchi ya ng'ombe, na mwanamume akiwekewa sahani ya kijani hukosi kumsikia akisema kwamba yeye si ndama. Lugha yenyewe inatuponza. Tunaposema mboga tunaweza kumaanisha nyama, samaki, maharage au chochote kinachosindikiza ugali, na ile ya kijani tunalazimika kuiongezea jina, mboga za majani, kana kwamba ni ya daraja la pili. Lakini bibi zetu wa Kisukuma hawakuwa na dharau hiyo. Walijua mgagani unavyoondolewa uchungu kwa maziwa au kwa karanga zilizotwangwa, na sayansi imekuja baadaye kuthibitisha kwamba mafuta ya karanga na maziwa ndiyo yanayousaidia mwili kuipokea ile vitamini. Walijua kuchemsha majani ya kunde wakati wa masika, kuyaanika, na kuyaweka akiba kwa miezi mikavu. Nsansa hiyo ndiyo iliyowavusha watu katika miaka ya njaa, wakati hakukuwa na jani bichi kutoka Kahama hadi Shinyanga. Kosa pekee ambalo mtaalamu angelisahihisha ni lile la kuanika kwenye jua kali, maana jua huunguza vitamini. Kivulini penye upepo ni bora. Nchini Kenya mboga za asili za namna hii, mgagani na mnavu zikiwamo, zilikuwa chakula cha kuonewa haya mjini Nairobi, hadi wataalamu wao, Profesa Mary Abukutsa-Onyango akiwa miongoni mwao, walipozisimamia kwa miaka mingi. Leo zinauzwa katika maduka makubwa. Nasi hapa Tanzania tunacho kituo cha Shirika la Mboga Duniani, karibu na Arusha, tangu mwaka 1992, na humo zimezalishwa mbegu bora za mchicha na mnavu wetu wenyewe. Mbegu hizo zinapatikana Arusha. Zingefaa kupatikana Nyasubi pia.

Turudi kwenye hekta 100.

Shida ya kwanza ni maji, nayo si shida nyepesi kama wasemaji wa majukwaani wanavyodhani. Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba maji ya Ziwa Viktoria yamefika, basi watu walime. Ni kweli yamefika. Mradi wa maji kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, ni moja ya kazi ambazo taifa hili lina haki ya kujivunia. Ulijengwa kwa fedha zetu wenyewe, na ulijengwa bila ya kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, ingawa wako waliotukumbusha mkataba wa Mto Naili wa mwaka 1929, ulioandikwa na wakoloni kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Lakini hebu tupige hesabu nyingine. Tuta moja la mita za mraba 10 wakati wa kiangazi linataka lita zisizopungua 50 kwa siku. Mama mwenye matuta 20, ambaye si mkulima mkubwa hata kidogo, anahitaji lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20 kila siku, au uniti 30 za maji ya bomba kwa mwezi. Na hekta zetu 67 zikimwagiliwa zote zitakunywa zaidi ya lita milioni tatu kila siku.

Maji ya bomba yamesukumwa kwa umeme kutoka ziwani, yamechujwa, yametiwa dawa. Ni ya kunywa. Kuyamwaga kwenye mchicha ni sawa na kuosha baiskeli kwa maziwa, na mama wa Nyasubi analijua hilo kabla hatujamwambia, kwa sababu yeye ndiye anayepokea ankara. Ndiyo maana bustani nyingi huelekea mabondeni, kwenye visima vifupi, kwenye madimbwi na, tunalisema kwa masikitiko, kwenye mifereji ya maji machafu.

Kwa hiyo tunachodai hakipo kwenye bomba. Tunadai malambo. Mkoa wa Shinyanga hupata mvua ya kutosha kabisa, ila huipata yote kwa pamoja kati ya Novemba na Aprili, kisha huiacha ipite kwenda zake huku ikibeba udongo wetu. Mkoa huu uliwahi kuionyesha dunia jinsi ya kuiponya ardhi: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na kwa kufufua ngitili za jadi ulirudisha miti mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kutabiri jangwa. Jambo kubwa katika kazi ile lilikuwa kumkumbusha Msukuma alichokuwa anakijua, si kumfundisha kitu kipya. Lambo nalo si kitu kigeni. Katika kila mfuko wa Halmashauri unaojenga barabara, kuchimba lambo moja pembezoni mwa eneo lililotengwa kwa bustani si gharama ya kutisha, hasa kwa kuwa matingatinga ya barabara yanahitaji kifusi na yanaacha mashimo hata hivyo.

Shida ya pili ni ardhi. Bonde linalolimwa mchicha leo lina kigingi cha mpima ardhi kesho. Hatuwalaumu wapima ardhi, maana mji unakua na watu wanataka kujenga. Lakini iko imani fulani, iliyorithiwa kwa wakoloni, kwamba kilimo ni cha kijijini na kwamba tuta la mboga mjini ni uchafu. Imani hiyo si sheria. Kanuni za kilimo cha mijini zilizotolewa nchini mwaka 1992 zilikitambua kilimo hicho na kumruhusu mtu kutumia ardhi isiyozidi ekari tatu. Kampala mwaka 2006 ilipitisha sheria ndogo zake za kilimo cha mjini, zikaeleza nani alime, wapi, na kwa masharti gani ya afya. Kama mji wa vilima uliobanana namna ile uliweza kupata nafasi kwenye karatasi zake, Kahama yenye tambarare hadi upeo wa macho haina sababu ya kushindwa. Tunachotaka ni kwamba katika ramani ya mipango miji liwepo eneo lililopakwa rangi ya kijani na kuandikwa bustani za mboga, si moja bali kadhaa, karibu na kata zenye watu, Nyasubi ikiwamo, na kwamba rangi hiyo isifutwe na kalamu ya mtu mmoja mchana mmoja.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotukosesha usingizi zaidi ya mengine, nalo ni usalama wa mboga zenyewe. Hatuandiki kuwatisha watu waache kula mchicha. Tunaandika kwa sababu anayekula ana haki ya kujua.

Sisi ni watu wa ukanda wa dhahabu. Kutoka hapa hadi Geita kuna machimbo madogo yasiyohesabika, na karibu yote hukamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa, hushikana na dhahabu, kisha donge hilo huchomwa motoni ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Zebaki iliyoruka haikupotea. Imeingia hewani, imeingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mtoto aliyesimama karibu yake, na nyingine imetua. Inatua juu ya udongo na juu ya majani. Na sifa ya mboga za majani ambayo wengi hawaijui ni kwamba jani hunyonya mvuke wa zebaki moja kwa moja kutoka hewani, bila kusubiri mizizi. Kwa hiyo jani pana la maboga lililo jirani na mahali pa kuchomea dhahabu ni kama kitambaa kilichotandikwa kupokea sumu, na kuliosha hakusaidii sana, kwa kuwa sumu imo ndani.

Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako watu walikula samaki wa ghuba iliyotiwa sumu na kiwanda, na mwaka 1956 ndipo ugonjwa ule ulipotambuliwa rasmi. Mkataba unaobeba jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kuridhia ni jambo jema. Lakini mkataba hauwezi kwenda bustanini. Anayeweza kwenda ni ofisa wa madini akiongozana na bibi shamba na bwana afya, wapite pamoja, waseme hapa panachomwa dhahabu, hapa hapalimwi mboga, na aliyekuwa akilima hapa ahamishiwe pale. Vitu hivyo viwili havikai pamoja, na kwa kawaida ni mama wa mboga anayeonekana kuwa mgeni, hata kama yeye ndiye aliyetangulia kufika.

Sumu ya pili tunaitia wenyewe. Hii ni nchi ya pamba, na dawa ya pamba imejaa majumbani. Si siri kwamba iko inayopuliziwa mboga, na kwamba mboga iliyopuliziwa Jumatatu huweza kuwa sokoni Jumatano. Pamba haiwekwi mdomoni. Mchicha unawekwa. Kila dawa iliyosajiliwa ina idadi ya siku ambazo mkulima lazima asubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye kibandiko, kwa maandishi madogo kama chungu, mara nyingi kwa lugha ambayo mama huyu hakusomeshwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, ingetusaidia sana kama ingewabana wauzaji wa dawa hizi hapahapa madukani kuliko kusubiri hadi madhara yatokee. Mwenye duka anayempimia mtu dawa ya pamba kwenye chupa ya soda, bila kibandiko chochote, anajua anachofanya.

Na ile ya tatu ni maji ya mifereji. Mwaka 1991, kipindupindu kilipozuka Peru na kuanza kuenea katika Amerika ya Kusini, wakuu wa Chile waliogopa mji wao wa Santiago, ambako kwa miaka mingi mashamba ya mboga yalikuwa yakimwagiliwa maji ya vyooni ya mji. Wakapiga marufuku kulima kwa maji hayo mboga zinazoliwa mbichi, na wakaisimamia marufuku hiyo kweli. Kipindupindu hakikupata nafasi. Lakini lililowashangaza watu ni jingine: homa ya matumbo, ambayo ilikuwa imezoeleka Santiago kana kwamba ni hali ya hewa, ilishuka ghafla. Maelfu walikuwa wakiugua kila mwaka kwa sababu ya saladi. Sisi kwa bahati nzuri hupika mboga zetu, na moto huua wadudu wengi. Lakini mikono inayozichambua haipikwi, na kachumbari haipikwi. Kumkataza mama kumwagilia kwa maji ya mfereji bila kumpa maji mengine ni kumkataza kula. Ndiyo sababu tumeanza na malambo kabla ya kufika hapa.

Kuhusu soko hatutasema mengi, kwa kuwa haja yake inaonekana kwa macho. Mboga za majani hazihitaji jengo la mabilioni. Zinahitaji kivuli, meza ya saruji isiyo chini kama mavumbi, bomba moja, na mfereji wa kuondolea maji. Kivuli peke yake humwongezea mwuzaji saa tatu au nne za maisha ya bidhaa yake, na saa tatu hizo ndizo faida yake yote ya siku. Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo, wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni nne kwa mwaka, walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na akina mama wengi wa mboga walilipa. Mtu aliyelipa anaweza kuuliza kivuli chake kiko wapi.

Lakini tungependa kuwakumbusha Waheshimiwa Madiwani kwamba wateja wa mboga si wapita njia tu. Migodi mikubwa ya ukanda huu, Bulyanhulu na Geita, huwalisha wafanyakazi kila siku. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka bidhaa na huduma za nchini zipewe kipaumbele. Mchicha ni bidhaa ya nchini kuliko zote. Kinachomzuia mama wa Nyasubi asiingie kwenye jiko la mgodi, au la hospitali, au la shule ya bweni, si ubora wa mchicha wake. Ni kwamba jiko linataka kilo nyingi kila siku bila kukosa, zilizooshwa, zenye stakabadhi, naye peke yake ana matuta 20 na hana stakabadhi. Wanawake 40 wenye matuta 20 kila mmoja, wakipanga zamu ya kupanda ili kila siku wawepo wanaovuna, wanaweza kulilisha jiko hilo. Jina la kitu hicho ni ushirika, na tunafahamu jina hilo limechafuliwa katika nchi ya pamba na watu waliokula fedha za wakulima. Hata hivyo hatujaona chombo kingine kinachomwezesha mnyonge kusaini mkataba na mwenye nguvu. Fedha za kuanzia zipo katika sheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia nne kati ya hizo ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Tungependa kuona, katika taarifa ijayo ya Manispaa, ni vikundi vingapi vya wakulima wa mboga vilivyopata.

Na asiwepo wa kutuambia kwamba dhahabu itatulisha sote. Mgodi wa Buzwagi, uliokuwa hapa hapa kwetu, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Ni miaka 12. Waliokuwa wakipika, kufua na kulinda huko walirudi mitaani, na Halmashauri ikapoteza ushuru wake. Akina mama wa beseni walikuwepo kabla ya mgodi ule na waliendelea kupita milangoni siku ulipofungwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na vikao vya kupanga bajeti hukaa miezi kadhaa kabla ya hapo. Tunaomba mambo manne yaingizwe humo, na tunayataja waziwazi ili baadaye mtu asiseme hakusikia: eneo la bustani lililopimwa na kuandikwa kwenye ramani, lambo moja la kuanzia, paa na bomba la wauza mboga Nyasubi, na msafara wa pamoja wa ofisa wa madini, bibi shamba na bwana afya katika mabonde yote yanayolimwa ndani ya Manispaa. Hilo la mwisho halihitaji hata kusubiri bajeti. Linahitaji gari moja na siku tatu, na ingefaa lifanyike kabla ya mvua za Novemba, maana mvua zikianza kila mtu atakuwa amekwisha kupanda.